Sindano ya ganzi kwenye upasuaji wa mtoto wa jicho: inaharibu retina?

Mpare wa Same: Wakuu, mama alitolewa mtoto wa jicho kwenye kambi ya macho, kwa sindano ya ganzi pembeni ya jicho. Siku za mwanzo alisoma hadi namba za vocha. Mwezi uliofuata ukungu ukaingia katikati: akinitazama anaona masikio, sura haioni. Kaambiwa retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, imevimba. Mjini wanawekewa matone ya ganzi tu. Kwa nini wa kijijini achomwe kitu kinachoharibu retina?

Nesi wa Zamu: Pole kwa mama. Uvimbe wa katikati ya retina hauletwi na ganzi. Ni jicho linavyopokea upasuaji wenyewe, hujitokeza sana wiki ya 4 hadi ya 6, na wenye kisukari wako hatarini zaidi. Lidokaini, dawa ya ganzi yenyewe, huisha nguvu siku ileile. Hatari ya sindano ni ncha kutoboa jicho au damu kuvuja nyuma yake, mara chache, hasa kwa macho marefu ya wasioona mbali. Mama ana sukari? Halafu matone yanataka mtu atulie. Wazee wa kijijini hawatulii.

Babu wa Lushoto: Hatutulii? Mimi nimepasuliwa kwa matone. Niliambiwa tazama taa, nikaitazama mpaka mwisho. Maji yakinitiririka shavuni, na sikutikisika. Hatuko josho la ng'ombe.

Kipepeo: Babu kasema kweli. Mnamwongelea mgonjwa juu ya kichwa chake kama hayupo, kisha mnasema hasikii.

Nesi wa Zamu: Shikamoo babu. Nasema ninachokiona mezani. Bibi anajua Kisambaa tu, daktari anamwambia "tazama taa" kwa Kiswahili, jicho linahangaika na kisu kiko ndani. Sindano inalaza misuli ya jicho. Hiyo ni kumlinda.

Kipepeo: Basi tatizo ni lugha, si uzee! Mkalimani mmoja anagharimu nini?

Kijana wa Optiki: Hata matone si kinga ya yote. Wengine huongezewa lidokaini ndani ya jicho. Mfuko wa lenzi ukichanika, dawa ikafika nyuma, mtu anaweza kuona giza kwa saa kadhaa, halafu uoni unarudi. Ganzi ya jicho yenyewe ilianza na kokeini, daktari Koller wa Vienna, 1884 kama sikosei.

Babu wa Lushoto: Kokeini tuiache. Nesi anijibu: aliyetulia na asiyetulia mnawajuaje kabla hamjawauliza? Au mnaangalia kanga na viatu?

Mpare wa Same: Nesi, umeuliza sukari. Hajawahi kupimwa. Pale kambini walipima presha tu, wakamchora alama juu ya nyusi, wakamwingiza.

Nesi wa Zamu: Mpeleke kesho apimwe, na retina ikaguliwe upya. Uvimbe huo mara nyingi hutulia kwa matone ya kupunguza uvimbe, si yale ya ganzi. Akiona mimweko au pazia jeusi likishuka pembeni, usingoje asubuhi: hiyo ni retina inabanduka.

Kipepeo: Na mkalimani?