Fleti karibu na stesheni ya Abbey Wood: naomba ushauri kabla sijasaini

Ndugu zangu, habari za jioni.

Mimi na mume wangu tumechoka kupanga. Tumepata fleti ya vyumba viwili Abbey Wood, kusini mashariki mwa London, paundi 300,000. Tangazo linasema ni dakika saba kwa miguu hadi stesheni. Gari hatuna na hatulitaki. Mume wangu anaingia kazini Canary Wharf alfajiri. Dalali anatuhimiza tutoe ofa wiki hii. Kwa kuwa ni nyumba yetu ya kwanza hapa Uingereza, tunajua ushuru wa stempu, yaani kodi ya kununua nyumba, hautatuhusu. Waliotutangulia, tuangalie nini kingine?

---

Dada yangu, hongereni kwa kufika hapo.

Naanza na huo ushuru, maana umenishtua. Umeandika nyumba ya kwanza "hapa Uingereza". Sheria haiishii hapa. Nafuu ya mnunuzi wa mara ya kwanza ni ya mtu ambaye hajawahi kumiliki nyumba ya kuishi popote duniani, hata ya urithi. Mkinunua wawili, wote wawili lazima wawe hivyo. Je, jina la mume wako limo kwenye nyumba yoyote kule nyumbani? Watu wetu wengi wana nyumba ya wazazi iliyoandikwa majina ya watoto, na hawaihesabu kuwa ni yao.

Tazama tofauti kwa bei hiyo hiyo ya 300,000. Wenye nafuu hawalipi kitu. Wasio nayo wanalipa 5,000. Na kama mmoja wenu ana nyumba nyingine, au mgao wa nyumba, wenye thamani ya paundi 40,000 au zaidi, inaongezwa asilimia 5 ya bei yote: jumla 20,000. Hiyo nyongeza haikwepeki kwa kumwacha mume nje ya hati, kwa sababu wanandoa wanaoishi pamoja wanahesabiwa kitu kimoja.

Sasa stesheni. Treni ya Elizabeth line ilipoanza tarehe 24 Mei 2022, Canary Wharf ikawa kama dakika 11 tu kutoka Abbey Wood, na ndiyo iliyonileta pande hizi. Lakini fungua ramani kwanza. Baadhi ya fleti zinazotangazwa kwa jina la Abbey Wood ziko Thamesmead, na Thamesmead haina stesheni ya treni. Utaanza na basi. Kisha nendeni wenyewe, saa ile ile anayotoka mume wako, mtembee kutoka mlangoni hadi jukwaani. Mtaona taa za njia, ngazi, na kama ungepita na kigari cha mtoto. Na aangalie ratiba ya Jumapili, treni ya kwanza huchelewa kuliko siku za kazi.

Jambo lililoniumiza mimi ni miaka. Fleti zilizo jirani na stesheni karibu zote ni lizihodi: hununui jengo wala ardhi, unanunua miaka ya kukaa. Yangu ilikuwa na miaka 81 niliponunua mwaka 2022. Nikaona 81 ni mingi, na wakili wangu akanyamaza. Wakati huo ilikubidi umiliki miaka miwili ndipo uwe na haki ya kuomba kuongezewa. Nilipotimiza miwili nilikuwa na 79, na ikishuka chini ya 80 mwenye ardhi anadai pia nusu ya thamani inayopatikana kwa kuiongeza. Kumbe muuzaji angeweza kuanzisha maombi kabla ya kuniuzia, akanikabidhi. Hakuna aliyeniambia, na hadi leo inaniuma.

Sharti la miaka miwili lilifutwa tarehe 31 Januari 2025. Sheria mpya ya lizihodi ya 2024 imekusudia kufuta na ile nusu, ila vifungu vyake vinaanza kutumika kimoja kimoja, kwa hiyo wakili akuandikie kipi kimeanza. Idadi ya miaka iulize leo, kabla ya ofa. Ada ya huduma pia, ile ya kutunza jengo: omba hesabu za miaka mitatu, uulize kama paa au lifti inangoja matengenezo makubwa.

Dalali asiwakimbize. Ofa haiwafungi, wala haimfungi muuzaji, mpaka mbadilishane mikataba iliyosainiwa.

---

Kaka, asante sana. Nimempigia dalali: miaka 114. Ila mume wangu na ndugu zake wanne walirithi nyumba ya baba yao mwaka 2015. Mgao wake haufiki hata paundi 15,000.

---

Basi miaka iko salama, na ile nyongeza ya asilimia 5 haitawagusa. Lakini yeye si mnunuzi wa mara ya kwanza tena, kwa hiyo mkinunua kwa majina mawili wekeni 5,000 pembeni. Kama mshahara wako peke yako unatosha mkopo, na wewe hujawahi kumiliki nyumba, muulize wakili habari ya kununua kwa jina lako tu, ili upate ile nafuu. Jua tu kwamba hapo nyumba inakuwa yako kweli, si ya karatasi. Hilo mlizungumze ninyi wawili kwanza. Vyovyote iwavyo, habari za urithi mpe wakili kwa maandishi, pamoja na nakala ya hati ya mirathi.