Naombeni ushauri: nimepata kazi ya kupiga picha za wanyama Serengeti, nikodi lenzi gani?

Mwanga_wa_Jioni:
Wakuu habarini. Nipo njia panda na usingizi sipati. Mimi ni mpiga picha wa harusi, huu mwaka wa sita, sasa nimepata kazi ya lodji moja mpya, wanataka picha 20 za kutundika vyumbani na mapokezi, wanyama wakubwa kwa wadogo, nina siku nne tu porini. Nina kamera moja ambayo sio fulu fremu, yaani kihisi chake cha picha ni kidogo, na lenzi ya zumu ya milimita 70-200. Nikodi 100-400 au nijilipue na 600 isiyo na zumu ambayo kodi yake inakaribia kumeza faida yote? Naondoka wiki mbili zijazo.

Fundi Lenzi:
Mkuu ungeanza na kamera sio lenzi. Mimi nilikuwa na kamera kama yako nikabadilisha, aisee niliona dunia nyingine, giza limeingia fisi anatoka shimoni na bado unapiga picha safi. Uza hiyo uongezee hela uchukue mpya.

Mwanga_wa_Jioni:
Siwezi kuuza mkuu, ndiyo inayonilisha.

Dereva wa Nyika:
Miaka 14 naendesha watalii na nimebeba wapiga picha wa kila aina. Chukua 100-400. Kwenye kamera yako 400 inamvuta mnyama kama 600 kwenye fulu fremu, na akisogea unarudisha zumu, mwenye 600 tembo akija karibu anabaki na picha ya jicho na mkunjo wa ngozi. Stendi ya miguu mitatu acha nyumbani, kwenye gari haina pa kusimama. Shona mfuko wa kitambaa kigumu ujaze mchele, uweke dirishani, lenzi ilale juu yake, na mwambie dereva azime injini kabisa maana ule mtetemo unaharibu picha kuliko mkono wako. Usibadilishe lenzi njiani, vumbi la kule linaingia popote. Na saa 6 mpaka saa 9 mchana usijisumbue na mnyama wa mbali, joto linapanda kutoka ardhini hewa inacheza, simba anatoka kama yuko chini ya maji hata lenzi iwe ya bei gani. Sasa niambie, unaenda upande gani na mteja ametaja picha gani hasa?

Mwanga_wa_Jioni:
Asante sana kaka. Seronera, katikati ya Serengeti, siku mbili, Ndutu siku mbili. Anataka simba, chui, duma, ndege, wadogowadogo, na ile kubwa ya mapokezi ni nyumbu wakivuka mto.

Pilipili Kichaa:
Wiki mbili zijazo ni Februari. Wanavuka mto gani Februari?

Dereva wa Nyika:
Ndiko nilikokuwa naelekea. Mwezi huo nyumbu wako kusini, tambarare za Ndutu, wanazaa. Wanafuata majani mafupi yaliyoota kwenye udongo wa majivu ya volkano, yana madini mazuri kwa mama anayenyonyesha. Kuvuka Mto Mara ni kaskazini huko, kuanzia Julai mpaka Oktoba hivi. Mdogo wangu, huyo mteja nani alimwambia utampatia picha ya mto?

Mwanga_wa_Jioni:
Wateja wengi wakisikia nyumbu wanajua mto tu. Tuendelee na lenzi wakuu.

Pilipili Kichaa:
Umeulizwa swali dogo. Kuna picha alionyeshwa au hakuna?

Mwanga_wa_Jioni:
Sawa, nitasema. Alipoomba sampuli nilimtumia picha nane. Mbili zangu, twiga na pundamilia nilizopiga Mikumi. Sita nilizitoa mtandaoni, na ile ya nyumbu mtoni ni mojawapo. Sikusema ni zangu, ila sikusema sio zangu. Alishanilipa adivansi na nimeshalipia gari. Msinihukumu, wangapi walianza hivi? Na nina mpango: kuna jamaa anayo picha ya nyumbu wakivuka, ameipiga mwenyewe, amekubali kuniuzia na nimeshampa nusu ya hela. Nikishainunua si ni yangu?

Mama Pacha:
Mwanangu hapana. Kukaa kimya mtu akiamini uongo ni uongo huohuo. Mimi nililipia keki ya kipaimara cha wanangu kwa picha niliyoonyeshwa kwenye simu, siku ya siku ikaja kitu kingine kabisa, na watoto walikuwa wawili wanasubiri. Mpaka leo yule dada simsalimii. Huyo mteja wako naye ana watu wanamsubiri.

Mzee wa Hoja:
Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda aliyepiga picha. Ukinunua ruhusa ya kuitumia umenunua matumizi, haikufanyi wewe uwe ndiye uliyepiga. Kwa hiyo ununuzi wenyewe sio kosa kama muuzaji kakubali itundikwe kibiashara na mteja anajua ni ya nani. Kosa ni kuficha. Na kwa kuwa ni kazi ya biashara, ulizia vibali mapema Serengeti na Ngorongoro, maana sehemu ya Ndutu iko Ngorongoro, usiingie kama mtalii wa kawaida.

Kitasa:
Wakuu mnalishwa chai hapa. Mtu hana hela ya kukodi 600 ila ana hela ya kununua picha? Mpiga harusi miaka sita hajui lenzi? Na lodji gani inampa kazi mtu ambaye haijawahi kuona hata kazi zake zinaning'inia wapi? Uzi wa kutunga huu.

Fundi Lenzi:
Hata mimi nilianza kuhisi. Sita mtandaoni, halafu ghafla anatokea jamaa mwenye picha ileile inayotakiwa.

Mwanga_wa_Jioni:
Kitasa kaka, ningetunga ningejitunga nikiwa mtu mzuri. Hela ya hiyo picha imetoka kwenye adivansi, ndiyo maana ya lenzi imepungua. Kuhusu kutojua, bwana harusi anasimama ukimwambia simama. Jana nilikaa uani na 70-200 yangu kuna kwezi wanakuja kwenye bomba linalovuja, nikaweka spidi ya shata 1/250 ya sekunde kama ninavyozoea ukumbini, nikapiga picha 140. Zilizotulia ni 3 na zote ndege amegeuka, naona mkia tu. Nilikaa na hiyo kamera mapajani mpaka giza likaingia. Ndio nikaja kuandika hapa.

Dereva wa Nyika:
Mimi namwamini, hiyo ya mkia haitungwi. Kwa ndege anayeruka anzia 1/2000, ISO, ule wepesi wa kamera kuona mwanga, ipande tu, chembe zinavumilika ila ukungu wa mtikisiko hauponi. Fokasi iwe ya kumfuata mnyama na nukta ikae kwenye jicho.

Halafu nisikilize. Nilimbeba mama mmoja Ndutu, mvua siku mbili, simba, chui na duma wote wamejificha, analia kabisa. Asubuhi kambini akaona dundu anasukuma bonge la mavi. Yule mdudu anasukuma kinyumenyume, miguu ya mbele chini, ya nyuma kwenye bonge, kichwa kinaangalia ardhi. Kila baada ya muda anapanda juu ya bonge, anazunguka kama anayetafuta jua, anashuka anaendelea mstari uleule. Mama akalala kifudifudi kwenye tope, dakika 40, lenzi usawa wa mdudu. Kwenye picha, tone la maji kwenye gamba lilikuwa na anga lote ndani yake. Nimeona simba wengi kwenye skrini za watu lakini ile siisahau.

Na wewe vivyo hivyo. Geti la Naabi, la kuingilia Serengeti, unaruhusiwa kushuka, kuna mjusi dume kichwa cha waridi mwili bluu, anakuja mpaka kwenye viatu, na 100-400 nyingi za siku hizi zinafokasi mita moja hivi. Pimbi wapo Seronera. Na ndama wa nyumbu anasimama dakika chache tu baada ya kuzaliwa, miguu inatetemeka, kitovu bado kibichi, mama analamba. Hiyo weka mapokezi. Ila mwambie mteja ukweli kabla hujawasha gari.

Mwanga_wa_Jioni:
Nimempigia. Nimesema zote sita. Alinyamaza nikadhani simu imekatika, akasema nitakupigia.

Mama Pacha:
Nakuombea mwanangu. Mikono yangu inatetemeka kama ni mimi.

Mwanga_wa_Jioni:
Amepiga. Ya mto ameifuta, na malipo ameyapunguza karibu theluthi. Amesema akiziona hizo 19 ndio ataamua kama anamalizia. Jamaa wa picha amekubali kunirudishia nusu yangu, kwa hiyo kesho nakwenda kuchukua 100-400. Kaka Dereva, ule mfuko ni mchele kilo ngapi?

Dereva wa Nyika:
Kilo mbili. Usiujaze ukakaza, uache ulegee katikati lenzi izame.