Mrejesho: kuhe (samaki wa Ziwa Tanganyika) waliokuwa wakinimalizia chambo, ghuba ya Kigoma

Asanteni wakuu. Niliuliza kwa nini kuhe wanadonoa dagaa wa chambo na kuniachia ndoana tupu. Mliosema kosa liko kwenye chubwi (kile kizito cha kuzamisha mshipi) mlipatia: niliikaza kwenye mshipi isisogee, samaki akivuta anahisi uzito, anatema. Sasa natumia chubwi ya tundu, gramu 30, inateleza kwenye mshipi mkuu mpaka kwenye swiveli (kiungo kinachozunguka). Baada ya hapo sentimita 60 za mshipi mwembamba, ndoana namba 1/0.

Dagaa mbichi ni laini mno. Ndoana ipite machoni, kisha zungusha uzi wa kushonea mara sita saba kuanzia kichwani, ncha ibaki wazi kabisa. Ukiizika kwenye nyama, umeharibu. Asubuhi nne, kuhe watatu, wote pale mchanga unapopakana na mawe, mshipi ukivutwa polepole.

Kwenye mawe yenyewe bado napoteza chubwi. Ile mbinu ya kuitundika kwa uzi dhaifu ili ukatike ikinasa, imesaidia nusu tu: mara nyingine ndoana ndiyo inayonasa. Minyoo kama chambo? Inaleta visamaki vya mawe vitupu. Sangala, samaki mwingine wa ziwa hili, bado sijampata.