Darasa la kompyuta maktabani Tanga: tuanze na kipanya au tuanze na fomu?

Mkutubi wa Zamu, Tanga

Ndugu wanajukwaa, salamu.

Nafanya kazi katika maktaba ya umma hapa Tanga mjini, na tumeruhusiwa kuendesha darasa la bure la kompyuta na intaneti kwa watu wazima, alasiri mbili kwa wiki, kwa kutumia kompyuta chache za mezani zilizopo katika chumba cha rejea. Waliojiandikisha ni watu wa kila aina: akina mama wafanyabiashara wa Ngamiani, vijana waliomaliza kidato cha nne na cha sita, mafundi, na wastaafu ambao hawajawahi kushika kipanya. Mtaala tulioukuta unaanza na sehemu za kompyuta na historia yake, unaingia katika kuandika barua, kisha majedwali ya hesabu, na intaneti inakuja mwisho kabisa. Wasiwasi wangu ni kwamba wengi watakuwa wamekwishaacha kuja kabla hatujafika huko, kwa sababu walipokuwa wakijiandikisha karibu kila mmoja alitaja shida yake mahususi: mkopo wa elimu ya juu, namba ya mlipakodi, maombi ya kazi serikalini, au kuzungumza kwa picha na binti aliyeko Muscat.

Naomba ushauri katika mambo mawili. Kwanza, je, ni busara kuupindua mtaala huo? Pili, msaada wetu uishie wapi, pale mtu mzima anaposukuma kiti pembeni na kuniambia, "Mwanangu, nijazie wewe"?

Mhitimu wa Bagamoyo

Sisi tuliosomea ukutubi pale Bagamoyo tulifundishwa kwamba msomaji akiomba kitabu, mkutubi humuuliza kwanza anakitaka kwa kazi gani, kwa kuwa mara nyingi kitabu anachokitaja sicho kitakachomfaa. Darasa lako lianze kwa swali hilohilo. Uliza kila mmoja anataka kutoka na nini, kisha upange masomo kufuata majibu, na majedwali ya hesabu uwaachie wanaoyahitaji.

Chukua mfano wa maombi ya mkopo kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo hufunguliwa katikati ya mwaka. Mwombaji anahitaji barua pepe inayofanya kazi, nywila atakayoikumbuka, na namba ya kumbukumbu ya malipo, ile inayoitwa kontroo namba mitaani, ili alipe ada ya shilingi 30,000 kwa simu. Cheti chake cha kuzaliwa lazima kiwe kimehakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, na uhakiki huo nao unaombwa mtandaoni. Baadaye atachapisha fomu, ataipeleka serikali ya mtaa na kwa wakili kutiwa saini na mihuri, ataiskani, na kuipakia tena. Kijana aliyepita njia hiyo kwa mikono yake mwenyewe amejifunza kuandika, kuhifadhi faili, kulitafuta lilipokwenda, kupakua na kupakia, bila kusomewa hata ukurasa mmoja wa historia ya kompyuta.

Usidharau mambo yanayoonekana madogo. Namba ya kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20, na anayeandika kwa kidole kimoja huku akitazama kadi na skrini kwa zamu hupotea katikati. Mfundishe kuisoma kwa mafungu: nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku aliyozaliwa, zinafuata tano, tano nyingine, na mbili za mwisho. Papo hapo atatambua kwamba namba hiyo inataja tarehe yake ya kuzaliwa, hivyo si kitu cha kubandika katika kundi la WhatsApp.

Kuhusu swali la pili, msimamo wangu ni mkali kidogo: mkono wa mkutubi usiguse kipanya. Keti ubavuni, elekeza kwa maneno, na ukubali kwamba kazi ya dakika kumi itachukua saa nzima.

Mwenye Steshonari, Chumbageni

Naomba niseme kwa upande wa sisi tunaojaza fomu hizo kwa malipo, kwani naona ndugu yangu wa Bagamoyo anazungumza kama mtu asiyefahamu foleni ya siku ya mwisho. Mama amefunga genge lake, amepanda daladala kutoka Pongwe, dirisha la maombi linafungwa usiku huo, nawe unamwambia mkono wako haugusi kipanya! Huko ni kumnyima haki mtoto wake kwa jina la elimu.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo watu wa maktaba mnaweza kulirekebisha na ambalo sisi wa madukani tumechangia kuliharibu. Mteja anapokuja bila barua pepe, kijana wa dukani humfungulia moja harakaharaka, huweka namba ya simu ya duka ili ujumbe wa uhakiki uingie upesi, hubuni nywila, huiandika pembeni ya karatasi, na karatasi hiyo huishia kufungiwa vitumbua. Mwaka unaofuata mteja anaitwa kwenye usaili, taarifa imetumwa kwa barua pepe asiyoweza kuifungua, kijana amekwishahama, na laini ya duka imebadilishwa. Nimewaona waombaji wa kazi wenye akaunti tatu au nne, wasijue ipi ina vyeti vyao. Hivyo kama mna somo moja tu la kutoa, basi liwe la kufungua barua pepe kwa simu na namba ya mwenyewe, na kuifungua tena wiki inayofuata bila msaada. Mteja akija dukani na barua pepe yake mkononi, hata mimi kazi yangu inakuwa nyepesi.

Mwalimu Mstaafu, Pangani

Kipanya msikirukie. Mtu aliyezoea jembe, sindano au usukani hashindwi na akili ya kompyuta. Kinachomshinda ni kubofya mara mbili kwa haraka bila mkono kuteleza. Kasi hiyo inaweza kupunguzwa katika mipangilio ya kompyuta, na maandishi yanaweza kukuzwa, lakini ni wakufunzi wachache wanaojishughulisha kufanya hivyo kabla wazee hawajaketi. Mchezo wa karata ulipowekwa ndani ya Windows mwaka 1990, uliwasaidia wengi kuzoea kukokota vitu kwa kipanya bila kujiona wapo darasani. Nanyi wapeni karata siku ya kwanza, nusu saa inatosha, kisha mwende kwenye fomu. Isitoshe, wazee wa Tanga mkiwawekea karata mtalazimika kuwafukuza saa ya kufunga.

Neno lingine ni juu ya wakati. Kipindi kikikatiza sala ya Alasiri, nusu ya darasa itatoka na isirudi. Kianze baada ya sala.

Fundi Mitambo, Makorora

Mwalimu, shikamoo. Naongezea upande wa mashine zenyewe, kwa kuwa kompyuta ya maktaba hutumiwa na watu wengi kwa siku moja na mmoja huacha mlango wazi kwa mwenzake.

Waundieni wasomaji akaunti ya mgeni inayojifuta kila inapofungwa, ili vyeti vilivyopakuliwa na barua pepe zilizosahauliwa wazi visibaki kwa anayefuata. Kivinjari kisiruhusiwe kuhifadhi nywila. Msiwe na daftari la maktaba lenye nywila za wanafunzi, hata kwa nia njema, kwani tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika Mei 2023, taasisi inayokusanya taarifa za watu ina wajibu wa kuzilinda, na daftari lililo juu ya kaunta halina ulinzi wowote. Kila mtu aandike yake katika daftari lake, alitunze nyumbani.

Bando likiisha, darasa lisife. Programu ya bure iitwayo Kiwix huhifadhi nakala ya Wikipedia ya Kiswahili ndani ya kompyuta, na wanafunzi wanaweza kutafuta na kusoma bila intaneti. Umeme ni jambo jingine: bila betri ya akiba, fomu iliyojazwa kwa saa nzima hupotea kwa kufumba na kufumbua.

Mkutubi wa Zamu, Tanga

Nawashukuru, na Mwalimu napokea la sala. Karibu wote wanaokuja wana simu za kugusa, ingawa kompyuta hawana. Je, simu niziingize darasani au zitawapotosha?

Fundi Mitambo, Makorora

Ziingize, tena mapema, kwa sababu utapeli huwafuata humo. Waonyeshe ule ujumbe maarufu wa "ile hela itume kwenye namba hii", wajadili kwa nini bado unawanasa watu, kisha kila mmoja autume ujumbe wa aina hiyo pamoja na namba ya tapeli kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Wapige pia *106# waone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chao. Usishangae mtu akikuta laini asiyoijua, na hapo aende kwa mtoa huduma wake aifute.

Mwenye Steshonari, Chumbageni

Ndugu Mkutubi, tufanye hivi. Anayekuja kwenu siku ya mwisho ya maombi mleteni dukani, nitamjazia kwa bei ya kawaida, ila kwa barua pepe na simu yake mwenyewe. Asiyekuwa na barua pepe, na muda wake haujaisha, nitamleta kwenu aifungue kwanza. Niambie tu ni siku zipi mnafundisha, nizibandike mlangoni.