Makedonia Kaskazini: niandike idadi ipi ya watu, na vyombo vyake vya habari viko huru kiasi gani?

Msomaji wa Ramani

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Naandaa wasifu wa Makedonia Kaskazini kwa ajili ya kipindi cha redio kuhusu nchi za Balkani, na natakiwa kueleza takwimu za nchi pamoja na hali ya vyombo vyake vya habari. Mambo ya msingi hayanisumbui: mji mkuu ni Skopje, eneo ni kilomita za mraba 25,713, nchi ilijitenga na Yugoslavia mwaka 1991 na ikajiunga na NATO Machi 2020. Kinachonikwamisha ni idadi ya watu. Chanzo kimoja kinasema milioni 2.02, kingine kinakaribia milioni 2.1, na cha tatu kinasema milioni 1.84, na vyote vinadai kutumia takwimu rasmi. Kwa upande wa habari, shirika la Wanahabari Wasio na Mipaka, katika orodha yake ya uhuru wa habari duniani, liliiweka nchi hiyo nafasi ya 90 mwaka 2021, ya 57 mwaka 2022 na ya 36 mwaka 2024. Je, hali inaweza kubadilika kiasi hicho kwa miaka mitatu tu? Naomba mwenye ujuzi anisaidie, kwa sababu sipendi kumsomea msikilizaji tarakimu ambayo mimi mwenyewe siwezi kuieleza.

Mtakwimu

Ndugu mleta mada, tarakimu zako zote zina asili yake, ila hazihesabu watu wale wale. Milioni 2.02 ni ya sensa ya mwaka 2002, ambayo ilipata watu 2,022,547. Sensa iliyofuata ilianza Oktoba 2011 na ikasitishwa siku chache baadaye, kwa sababu tume iliyoisimamia ilijiuzulu baada ya kushindwa kuafikiana juu ya nani ahesabiwe, hasa watu walioishi ng'ambo kwa zaidi ya mwaka mmoja. Kwa hiyo nchi ilikaa karibu miaka ishirini ikitegemea makadirio. Makadirio ya namna hiyo huongeza wanaozaliwa na kupunguza wanaokufa, lakini mtu anayehamia Ujerumani au Uswisi mara nyingi hafuti jina lake katika rejista ya nyumbani, hivyo kwenye makaratasi huendelea kuwa mkazi wa kijiji ambacho nyumba yake imefungwa. Ndiyo maana makadirio yalibaki karibu milioni 2.07 mpaka sensa ya Septemba 2021 ilipokuta wakazi 1,836,713 tu, yaani pungufu kwa takriban asilimia 9 ukilinganisha na mwaka 2002.

Sensa hiyo hiyo ya 2021 iliandikisha pia raia wanaoishi nje, na ukiwajumlisha unapata watu 2,097,319. Hapa naomba uwe makini sana, kwa sababu uwiano wa jamii hubadilika kufuatana na kundi unalolichagua. Katika wakazi peke yao, Wamakedonia ni asilimia 58.44 na Waalbania ni 24.30, ukijumuisha walio nje, Wamakedonia hushuka hadi 54.21 na Waalbania hupanda hadi 29.52. Tena kuna wakazi 132,260, sawa na asilimia 7.2, ambao hawakuhojiwa kabisa, bali taarifa zao zilitolewa katika rejista za serikali na sehemu ya kabila ikabaki wazi. Ukiwaweka kando hao, Waalbania wanafikia takriban asilimia 26 ya wakazi waliojibu. Sensa ni moja, asilimia ni tatu, na hakuna hata moja iliyoghushiwa.

Usidhani kwamba huku ni kuchambua vitu visivyo na uzito. Mkataba wa Ohrid wa mwaka 2001, uliomaliza miezi ya mapigano kati ya majeshi ya serikali na wapiganaji wa Kialbania, uliweka kiwango cha asilimia 20 ili lugha ya jamii itumike rasmi pamoja na Kimakedonia, na kiwango hicho hutumika pia katika ngazi ya manispaa. Tarakimu ya sensa inaamua lugha ya kibao cha barabarani na ya fomu ya ofisini. Ushauri wangu ni kwamba uandike wakazi 1,836,713, utaje mwaka 2021, kisha useme kwa sentensi moja kwamba walio nje hawamo.

Jambo jingine dogo: katika majedwali ya zamani usiitafute kwa jina la sasa, kwani lilianza kutumika Februari 2019 baada ya Mkataba wa Prespa na Ugiriki, uliomaliza mgogoro wa jina la nchi. Alama za nchi za MK na MKD, zinazotumika katika majedwali ya kimataifa, hazikubadilika, kwa hiyo zitumie hizo kuunganisha miaka.

Barazani

Nashukuru kwa ufafanuzi wa Mtakwimu. Mimi nitagusia habari. Shirika la utangazaji la umma ni MRT: idhaa yake ya kwanza ya televisheni ni ya Kimakedonia, ya pili ni ya Kialbania, na jamii ndogo kama Waturuki, Waroma, Waserbia na Wavlaki wana vipindi katika lugha zao. Ada ya utangazaji iliyokuwa ikilipwa na kaya ilifutwa mwaka 2017, na tangu hapo MRT inategemea bajeti ya serikali, jambo ambalo kwa maoni yangu ni udhaifu mkubwa kwa chombo kinachotakiwa kuihoji serikali hiyo hiyo. Televisheni binafsi za kitaifa ni pamoja na Sitel, Kanal 5, Telma, Alfa na Alsat, ambayo hutangaza kwa Kialbania na Kimakedonia. Magazeti yamedhoofika, Utrinski vesnik, Vest na Dnevnik yote yalifungwa mwaka 2017.

Usiache kueleza miaka ya Nikola Gruevski, aliyekuwa waziri mkuu, kwa sababu bila hiyo msikilizaji hataelewa lolote. Mwishoni mwa 2010 polisi na maofisa wa kodi waliingia katika A1, televisheni iliyokuwa ikiikosoa serikali. Mmiliki wake, Velija Ramkovski, alikamatwa Desemba, na kituo kikazimwa Julai 2011 pamoja na magazeti ya Vreme, Shpic na Koha e Re. Kesi ilikuwa ya kodi, na mahakama ilimtia hatiani, lakini matokeo yake kwa umma yalikuwa kupotea kwa sauti kubwa ya upinzani. Tarehe 24 Desemba 2012 waandishi waliokuwa kwenye roshani ya bunge wakifuatilia mjadala wa bajeti waliondolewa kwa nguvu na walinzi. Walipeleka kesi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na mwaka 2017 ikaamua kwamba uhuru wao wa kujieleza ulikiukwa. Mwaka 2015 kiongozi wa upinzani, Zoran Zaev, alianza kuutangazia umma rekodi za simu zilizodukuliwa, na ikadaiwa kwamba watu zaidi ya 20,000 walisikilizwa kwa siri na serikali hiyo, wakiwemo waandishi wa habari.

Msomaji wa Ramani

Ahsanteni sana, wakuu. Suala la idadi ya watu limenikaa vizuri. Bado sijajibiwa kuhusu nafasi ya 90 kugeuka 57 kwa mwaka mmoja.

Mtakwimu

Mwaka 2022 Wanahabari Wasio na Mipaka lilibadilisha namna yake ya kupima na kuanza kutumia viashiria vitano: siasa, sheria, uchumi, mazingira ya kijamii na usalama. Lenyewe lilitahadharisha dhidi ya kulinganisha moja kwa moja nafasi za kabla na baada ya mabadiliko hayo. Kwa hiyo usiseme nchi iliruka nafasi 33 kwa mwaka mmoja. Lakini usifute maendeleo yote pia. Kwa kipimo cha zamani ilianguka kutoka nafasi ya 34 mwaka 2009 hadi 123 mwaka 2014, kisha ikapanda hatua kwa hatua hadi 90 mwaka 2021. Safari hiyo unaweza kuisimulia bila wasiwasi, na inaoana na matukio aliyoyaeleza Barazani. Nafasi za 2022 hadi 2024 zianzishie aya yake, na utaje kwamba kipimo ni kipya.