Naomba ushauri: Scrabble ya Kiswahili ihesabiwe vipi?

Ndugu wanachama, habari za kazi. Hapa kwetu Ngamiani, Tanga, jioni za mwisho wa juma tunacheza Scrabble, ule mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vigae vya herufi zenye pointi, barazani na majirani, na tumekubaliana kutumia Kiswahili ili bibi na mjomba washiriki kikamilifu. Tatizo ni kwamba seti yetu ya vigae 100 imepangwa kwa ajili ya Kiingereza: K ipo moja tu, tena kwa pointi 5, E zipo 12 ilhali A, tunayoihitaji karibu katika kila neno, zipo 9, na Q na X hazina kazi kabisa. Nafikiria kubandika karatasi juu ya vigae vya herufi hizo mbili viwe K.

Linalotugombanisha zaidi ni vitenzi. Juzi mjomba aliikuta PIKA ubaoni, akatanguliza ANA na kupata ANAPIKA. Mpwa wangu akapinga kwamba neno hilo halikuorodheshwa katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu, na mchezo ukavunjika. Kwa maoni yangu, kukataza viambishi ni kuukata mchezo mikono, kwa kuwa ndivyo tunavyosema kila siku, lakini tukiviruhusu vyote, neno moja litarefushwa mpaka ubao uishe.

Mliowahi kucheza kwa Kiswahili, mliweka mpaka wapi? Mliruhusu nafsi na wakati tu, au hata PIKIA na PIKWA? Na idadi ya vigae pamoja na pointi zake mlizipangaje? Natanguliza shukrani.