Nimeshindwa na soseji ya Lyon, naombeni darasa kabla ya Jumamosi

Mtu wa Kibosho
Wakuu, nipo Lyon, Ufaransa, kwa mafunzo ya wiki mbili. Jana nimeaibika.

Kule mji wa zamani, ukivuka mto Saône, kuna vimgahawa wanaviita bouchon. Meza zimebanana hadi kiwiko chako kinakaribia sahani ya jirani. Nikaingia, nikaona meza iko wazi, nikakaa. Mhudumu akanitazama kama nimekalia kiti cha mkwe wake. Karatasi ya vyakula yote Kifaransa. Nikaona andouillette, jirani akanielewesha kwa ishara za tumboni kwamba ni soseji ya utumbo. Nikasema moyoni, mimi niliyekulia kisusio, supu yetu ya damu, hii itanitisha nini? Wakuu, nilipoikata ile harufu ikanipanda hadi utosini. Nikala viazi vyote, nikala mkate wote, soseji nikawa naizungusha tu sahanini kama mtoto aliyelazimishwa mchicha.

Kisha nikangoja bili dakika 40, haiji! Na maji ya chupa euro 6.

Jumamosi nimemwalika mwenzangu wa kozi, dada wa Zanzibar. Hali nguruwe, hagusi pombe. Nirudi pale au tukale kebabu?

Mama Villeurbanne
Pole kaka, ila umenichekesha mpaka mume wangu kauliza kulikoni. Huu ni mwaka wangu wa 9 huku.

Kosa ulilifanya mlangoni. Uliingia bila hodi. Hodi yao ni "bonjour", na jioni "bonsoir". Unaitamka, unasimama, unaonyeshwa pa kukaa. Ukijikalia mwenyewe umevamia sebule ya watu. Bili nayo hailetwi mpaka uitake, maana kukuletea mapema ni kama kukufukuza. Sema "l'addition, s'il vous plaît". Maji omba "une carafe d'eau", ni ya bomba, hayana bei, na mkate pia haulipiwi. Bakshishi usijisumbue, huduma imo kwenye bei.

Halafu "menu" kwao ni mlo kamili wa bei moja. Ile karatasi ndiyo "carte".

Andouillette isikuumize, hata Wafaransa wengi hawaisogelei. Lakini usiuchukie mji. Jina lake la mapishi limejengwa na mama lishe, wao wanawaita "mères". Mmoja, Eugénie Brazier, mwaka 1933 alipewa nyota tatu za Michelin, kile kitabu kinachopima migahawa, kwa migahawa miwili kwa mpigo. Mwanamke wa shamba yule!

Sasa huyo dada. Nisikufiche, bouchon ni nyumba ya nguruwe na divai. Hata saladi ya Lyon ina vipande vya nguruwe chini ya yai. Kuna quenelle, donge laini la samaki aina ya brochet, linaumuka kama andazi. Tatizo ni sosi, wengi huitia divai au konyaki, kwa hiyo aulize kabla. "Cervelle de canut" maana yake ubongo wa mfuma hariri, asikimbie, ni jibini laini lenye majani na kitunguu saumu. Ila nayo wengine huidondoshea divai. Mweleze yote haya, aamue mwenyewe. Na piga simu uweke meza, Jumamosi hujaa.

Mdigo wa Tanga
Euro 6 maji? Mimi ningeondoka na chupa na kizibo chake.

Mtu wa Kibosho
Mrejesho, wakuu. Nilimweleza, akasema twende, anataka kumwona huyo mhudumu. Nikafika mlangoni nikapiga "bonsoir" hadi wa mezani wakageuka. Yule yule! Safari hii akatuvutia viti.

Dada akauliza sosi ya quenelle, ina konyaki. Mhudumu akaingia jikoni, akarudi na samaki wa kuoka kwa siagi na ndimu, hata kwenye karatasi hayumo. Mwisho wakaleta pai tamu ya lozi zilizopakwa sukari, nyekundu ya kung'aa. Dada akasema, "Hii si rangi ya ubuyu wetu?" Akala vipande viwili, na changu akakimega.

Maji ya karafa. Bili nikaiomba mwenyewe. Wakati natoa kadi mhudumu akaniinamia, akanong'ona, "Andouillette?" Nikamwambia merci, non.